Mara Nne ya Faida

3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta kituoni bila mwavuli. Nimefika ofisini nimelowa chapachapa, na kabla sijakamua hata upindo wa sketi, Mkurugenzi akaniita.

Sisi ni madalali wa hisa, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mezani kwake kulikuwa na waraka mnene wenye picha ya pampu ya mafuta. Kampuni ya mafuta inauza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, na mfuko wa pensheni wa walimu unataka kununua fungu kubwa. Wametuomba tuwaambie kama bei inafaa.

"Kazi ni yako," akasema. "Fanya ulinganisho tu. Wadhamini ni walimu, wanataka namba moja wanayoweza kuishika mkononi."

Nikamwambia mdogo wangu anaishi huko huko kwenye mji wa visima, na mumewe ni mpima ardhi wa kampuni hiyo. Nilidhani atampa kazi mwingine. Akacheka.

"Vizuri zaidi. Utapata pa kulala."

4 Machi

Mama amestaafu ualimu wa darasa la kwanza, na ukimweleza jambo lolote anakusikiliza kama anayesahihisha daftari. Leo jikoni ameniuliza ninafanya nini hasa huko kazini.

"Mama, ni kama nyumba za kupangisha. Tuseme nyumba za mtaa huu zinauzwa kwa kodi ya miaka minane. Halafu ukaona moja, vyumba vile vile, bati lile lile, inauzwa kwa kodi ya miaka minne. Utasemaje?"

"Nitauliza aliyefia humo ni nani," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

9 Machi

Mvua. Nimekusanya kampuni tano za kulinganisha nazo. Umeme umekatika, nimerudi nyumbani.

12 Machi

Ulinganisho umekamilika. Zile kampuni tano, ukichukua bei ya hisa ukaigawa kwa faida ya hisa hiyo kwa mwaka, zinauzwa kama mara nane. Hii yetu ni mara nne. Nikadhani nimekosea, nikapima kwa njia nyingine: bei kwa fedha taslimu inayoingia. Nusu ya wenzake. Nikachukua thamani ya kampuni nzima pamoja na madeni yake, nikaigawa kwa mapipa wanayosema bado yako ardhini. Hapo pia, kila pipa lao linauzwa chini kabisa.

Mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye tunamwita Kalamu Mbili kwa sababu moja hukaa sikioni na nyingine mkononi, amechungulia kioo cha kompyuta yangu akapiga mluzi.

"Dada, hii ni ya bure! Mimi nakopa leo leo."

Mkurugenzi naye amefurahi. Nilimwambia ningependa kujua kwa nini ni rahisi hivyo. Akasema, "Kwa sababu watu hawajaiona bado. Ndiyo maana ya kuwahi."

Jioni nimempigia mdogo wangu kumwambia naja. Alikuwa akinong'ona. Nikamuuliza kama mtu amelala hapo karibu.

"Hapana," akasema. "Kwani nanong'ona?"

18 Machi

Naandika nikiwa kwa mdogo wangu. Kalamu nikiiweka tu, inabiringika mpaka ukutani, kwa hiyo naishikilia hata ninapofikiri.

Nimepokelewa na afisa mahusiano wa kampuni, kijana mwenye suti na mabuti ya mvua. Nimempa jina la Tabasamu, maana halimtoki usoni hata akimkemea dereva. Alinitembeza visimani. Pampu zinainama na kuinuka kama kuku wakubwa wanaodonoa polepole. Juu ya mnara mmoja moto wa gesi unawaka mvuani bila kuyumba. Nilitarajia harufu ya mafuta. Badala yake mji mzima unanuka rangi mpya. Kila ukuta umepakwa, na mafundi walikuwa juu ya ngazi hata kwenye manyunyu, wakipaka chini ya maturubai.

"Tunapenda usafi," Tabasamu akasema.

Nilipogusa ukuta mmoja, kidole kilizama ndani ya ufa uliozibwa na rangi tupu. Aliona. Hakuacha kutabasamu, ila alinivuta mkono taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na jiko.

Halafu nyumba hazina milango. Mtaa baada ya mtaa, mapazia tu yanapepea kwenye miimo. Mdogo wangu alinipokea kwa kunikumbatia, tumbo limemtangulia, na jambo la kwanza nililomuuliza ni hilo.

"Milango iko wapi?"

"Uvunguni."

"Uvunguni mwa nini?"

"Mwa kitanda, dada. Inakwama." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Akanimiminia chai. Upande mmoja ilikaribia kumwagika, upande wa pili ilishuka nusu kidole, na kikombe kimetulia mezani. Yeye alikunywa tu. Jirani yake, mama mmoja fundi cherehani, alikuja kuangalia mgeni. Ndiye anayeshona mapazia ya mtaa mzima.

"Tangu milango itoke, sijakosa kazi hata siku moja," akaniambia akicheka.

Tulikuwa tunazungumza habari za kliniki. Mdogo wangu akasema, "Basi daktari akaniambia ni—" akanyamaza. Jirani naye akatulia na sindano hewani. Nikasikia chini ya sakafu kitu kama mtu anaburuta gunia zito, anatoka upande wa barabara, anapita chini ya miguu yetu, anaelekea visimani. Nje pia palikuwa kimya. Hata watoto waliokuwa wakicheza walisimama pale walipo.

Sauti ikaisha.

"—mwezi wa tano, mwanzoni," mdogo wangu akamalizia.

Nikawauliza ni nini kile. Wakatazamana.

"Kipi?" akasema jirani.

19 Machi

Nimeona watu wakitembea sokoni. Wote wameegemea upande mmoja, kidogo tu, kama waliobeba ndoo isiyoonekana. Hakuna mbwa. Nilimuuliza muuza mkaa mbwa wameenda wapi. Akasema waliondoka. "Wote?" "Waliondoka tu, dada," na akaniongezea mkaa ambao sikuuomba.

20 Machi

Lazima niandike haya kabla sijaanza kujitilia shaka.

Shemeji yangu siku zote nimemwona mtu baridi. Siku ya harusi alicheka mara moja, tena ni pale alipojikwaa yeye mwenyewe. Mezani anajibu kwa "ndiyo", "hapana" na "nipe chumvi". Nilishamwambia mama kwamba mdogo wangu ameolewa na kabati.

Leo mchana mvua ilipokatika, akasimama, akachukua darubini yake ya kupimia na miguu yake mitatu, akasema, "Shemeji, nisindikize."

Tulipanda kilima cha shule. Pale juu kuna mwamba, na kwenye mwamba kuna kibati cha shaba kilichopigiliwa zamani, alama ya wapimaji. Akaweka darubini juu yake, akarekebisha mpaka pimamaji ikatulia, akanipisha.

"Tazama paa la ghala la kampuni. Nilipoanza kazi, mstari wa jicho langu kutoka hapa ulikuwa unagusa paa lile. Unauona sasa uko wapi?"

Mstari ulipita juu kabisa ya paa, hewani. Chini yake lilikuwa paa, na kati ya paa na mstari ungeweza kusimamisha nyumba nyingine.

"Ghala limeshuka?"

"Mji umeshuka."

Akaniambia bila kupandisha sauti. Zamani kila walipotoa mafuta, walisukuma maji chini yashike nafasi yake. Pampu za maji zilikula fedha nyingi. Zikazimwa. Tangu siku hiyo mafuta yanatoka, na nafasi inabaki. Kila wiki yeye hupeleka vipimo ofisini. Kila wiki anajibiwa kwamba chombo chake kibovu. Wamemnunulia vipya mara kadhaa, vizuri sana, vya gharama.

"Mwishowe wakasema tatizo ni hiki." Akagusa kibati kwa kidole cha mguu. "Wakaniwekea alama mpya, katikati ya mji. Nipimie kutoka pale."

"Na ukipima kutoka pale?"

"Hakuna kinachoshuka. Nyumba, barabara, kanisa, msikiti, alama yenyewe. Vyote vimesimama pale pale, kila kimoja kwa mwenzake." Akafunga darubini. "Nami nikaendelea kupima kutoka huku, kwa siri, ili nijue."

Nikakasirika. Nikamwambia mke wake ana mimba, anawezaje kulala. Akakunja miguu ya darubini, mmoja mmoja, mpaka nikadhani kabati limejifunga tena.

"Nyumba ya kampuni, mshahara wa kampuni, hospitali ya kampuni," akasema. "Nikipiga kelele, kesho analetwa mpimaji mwingine ambaye hatatazama. Lakini wewe umekuja kuandika ripoti. Wewe si wa kampuni."

Nikamuuliza pampu za maji zilizimwa lini.

"Faida ilipoanza kupanda," akasema.

Tulipokuwa tunashuka, ile sauti ya gunia ikapita. Tukasimama wote wawili na kungoja. Niligundua kwamba mimi pia nilikuwa nimeacha neno katikati, na ilipokwisha nikalimalizia.

24 Machi

Niko ofisini tena. Sakafu ya hapa imenipa kizunguzungu.

Nimeifumua hesabu yote. Nimerudisha gharama ya kusukuma maji kama ingelipwa inavyotakiwa, na ya kuziba visima vitakapokauka, ambayo hawajaitengea kitu. Wale wenzao watano wanalipa zote mbili. Faida ikabaki theluthi. Bei ni ile ile, faida imepungua, basi ile mara nne imekuwa mara kumi na mbili. Si rahisi tena. Ni ghali kuliko wote. Na yale mapipa waliyoyaandika yalihesabiwa wakati maji bado yanasukumwa. Bila maji, mengi hayatapanda kamwe.

Nilikuwa nafundishwa kwamba faida ni kile kinachobaki baada ya kulipa kila kitu. Hawa wanachimba shimo, wanauza udongo, na wanaliita shimo faida.

2 Aprili

Mkurugenzi ameisoma ripoti akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Una ushahidi gani zaidi ya shemeji yako na kilima?"

"Gharama za maji hazimo kwenye hesabu zao wenyewe. Tazama ukurasa wa mwisho. Zilikuwepo, zikatoweka."

"Wengi hupunguza gharama. Tunaita ufanisi." Akavua miwani. "Mwanangu, soko haliulizi ardhi iko wapi. Linauliza bei na faida. Wateja wetu wote wanangojea hisa hizi."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Niliogopa zaidi kuliko kama angenifokea.

5 Aprili

Mvua kutwa. Mdogo wangu anasema kuna dimbwi karibu na kisima cha kwanza, linakua, na mipira yote ya watoto inapotelea humo.

11 Aprili

Leo ilikuwa siku ya wadhamini. Ukumbi mdogo, feni inayolia, walimu wastaafu tisa na maji ya chupa. Mkurugenzi alikuwa amegeuza ripoti yangu: mara nne mbele kwa herufi kubwa, na maneno yangu yote kuhusu maji yamesukumwa kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa. Alizungumza vizuri. Anazungumza vizuri siku zote.

Mwenyekiti ni mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu, mfupi, sauti nzito. Akaniuliza, "Wewe binti ndiye uliyefanya hesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona unatazama viatu?"

Nikasimama. Nikawaeleza yote: milango uvunguni, paa chini ya mstari, pampu za maji, theluthi ya faida. Nilisema, "Ukilinganisha bei na faida, unapata jibu la haraka. Lakini halikuambii faida itadumu mpaka lini, wala imetoka wapi. Hii inatoka chini ya nyumba za watu."

Mkurugenzi hakunikatiza. Alikuwa anakunjua na kukunja karatasi ya peremende.

Wadhamini wakabishana. Mmoja akasema tutachekwa wenzetu wakitajirika. Mwenyekiti akasikiliza wote, kisha akasema, "Hatununui tusichokiona. Mvua zikiisha tutakwenda wenyewe tukasimame hapo."

Hawajakataa, wameahirisha tu.

Kwenye ngazi Mkurugenzi akaniambia nichukue likizo.

22 Aprili

Hisa zimeanza kuuzwa sokoni. Zimepanda tangu asubuhi. Kalamu Mbili amenitumia picha ya kioo chake na vikatuni vya kucheka.

25 Aprili

Zimepanda tena. Wastaafu wenzake mama wamekuja kumsalimia, lakini salamu haikuwa salamu. Nilikuwa chumbani. Nikasikia mmoja akisema, "Mtoto wako ametukosesha, dada. Watu wanachuma, sisi tunaambiwa tungoje jua."

Mama akawajibu, "Mtoto wangu kasema alichokiona. Karibuni chai."

Walikataa chai. Walipoondoka aliosha vikombe ambavyo havikutumika.

28 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu kunisalimia. Katikati akanyamaza, nikangoja naye, mkono mdomoni, mbali hivi. Safari hii ilikuwa ndefu. Akamalizia sentensi yake. Kesho kutwa namfuata, atake asitake.

1 Mei

Hataki. Anasema kitanda cha mtoto kimeshatandikwa. Kina gogo chini ya miguu miwili ili kikae sawa. Shemeji amemsihi mbele yangu. Sikujua anaweza kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja. "Nitakufuata," alimwambia. "Nenda na dada." Akajibu, "Tutaenda wote au tutabaki wote."

Dimbwi limefika kwenye barabara. Juu yake kuna rangi za mafuta, nyekundu, kijani, zambarau, zinazunguka polepole bila upepo.

3 Mei

Nimekaa kwenye darasa la shule, juu ya dawati la mtoto. Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, kweupe. Mdogo wangu alikuwa kizingitini anamwomba jirani fundi cherehani uzi, anasema, "Nipe ule mweu—", na ile sauti ikaja. Tukanyamaza. Tukangoja ipite.

Haikupita.

Niliwaona watu wote wa mtaa ule. Muuza mkaa ameinamia gunia lake. Mwanamke mmoja ana kikombe cha maji karibu na mdomo. Watoto mguu mmoja mbele. Fundi wa rangi juu ya ngazi, brashi ukutani, rangi inachuruzika mkononi. Wote wametulia, wanasubiri kumalizia walichokianza, na chini ya miguu yetu gunia linaburutwa, linaburutwa, halifiki. Mimi nami nilisimama. Nilijua, na bado nilisimama. Mwili ulikuwa umeshazoea.

Shemeji akatokea mwisho wa barabara anakimbia, akaingia nyumba ya kwanza kupitia pazia, akatoka, akaingia ya pili. "Pandeni! Shuleni! Pandeni!" Watu wakamtazama kwa macho tu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja kimya kile.

Ni mdogo wangu aliyekivunja. Alishika tumbo, akapiga ukelele ambao sijausikia tangu tuzaliwe, ukelele wa kupasua koo, na neno lenyewe lilikuwa jina la mumewe. Mtaa ukaamka. Wote wakakimbia kwa mpigo.

Nilimshika mkono mmoja, jirani akamshika mwingine, na cherehani ikabaki kwenye meza na kitambaa kikiwa chini ya sindano. Tukiwa nusu ya kilima nikageuka. Mafundi wa rangi wa mtaa wa chini walikuwa bado juu ya ngazi zao, nyuma ya maturubai, hawajaona wala kuelewa. Na nikamwona Tabasamu. Alikuwa ameshafika salama kilimani, mbele yetu. Akawatazama, akavua koti la suti akamkabidhi mtoto mmoja, akashuka mbio. Usoni hakuwa na tabasamu lolote. Nilimwona anatikisa ngazi moja moja, anawashusha.

Kwanza dimbwi lilitoweka. Maji yote yalizama kwa mzunguko, bila kelele, kama bakuli lililotobolewa, na mipira ya watoto ikazunguka na kuzama nayo. Kisha pampu ya kwanza ikaanza kushuka, huku bado inainama na kuinuka, mpaka kichwa chake kikapotea. Halafu barabara. Halafu nyumba, moja baada ya nyingine, kuta zimekunjika kama nguo, na rangi yao mbichi inang'aa. Sikusikia kishindo, ila pumzi ndefu ya ardhi na harufu ya mafuta, ile niliyoikosa siku ya kwanza.

Mafundi wa rangi walipanda. Tabasamu hakupanda.

Mchana maji yakarudi kutoka chini, ya kahawia. Sasa ni ziwa. Mnara wa gesi umesimama katikati yake umeinama, na juu yake moto bado unawaka. Watu wamekaa ukingo wa uwanja wa shule wanautazama. Mara kwa mara mtu anaanza kusema kitu, anaacha katikati, anasikiliza. Hakuna sauti tena. Lakini wanangoja.

Walinzi wawili wa kisima pia hawajaonekana. Wengine wote wako hapa. Shemeji anapita darasa kwa darasa anawahesabu watu kwa kuwagusa bega. Nilimwita kabati mtu huyu.

6 Mei

Mtoto amezaliwa hospitali ya jiji letu. Wa kike. Alipotoka alilia mara moja, halafu akanyamaza ghafla, na mdogo wangu akashika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Akalia tena. Wote chumbani tukacheka na kulia pamoja naye, hata mkunga.

10 Mei

Mdogo wangu akitembea sebuleni anaegemea kushoto. Mama anatembea naye, kiwiko kwa kiwiko, kama anayemfundisha mtoto.

14 Mei

Soko limesimamisha hisa za kampuni. Kabla hazijasimamishwa zilishuka, kisha kwa muda zikapanda, maana kampuni ilitangaza kwamba visima vya upande wa juu vinaendelea na uzalishaji. Kuna watu walinunua siku hiyo. Kalamu Mbili alikuwa mmoja wao. "Ilikuwa mara moja na nusu, dada," akaniambia kwenye simu, kama bado ananiuliza.

21 Mei

Mkurugenzi amekuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kochi na kofia magotini. Mama akampa chai, akanywa yote bila kuipuliza.

"Niliweka akiba yangu yote mle," akasema. "Nilikuwa naamini ninachokisema. Nataka ujue hilo tu. Sikuwa nawauzia walimu kitu ambacho nisingekinunua."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa muda mrefu. Nikamwongezea chai. Akaniambia meza yangu ipo. Nikasema nitafikiri.

Mwenyekiti wa wadhamini naye alipiga simu. "Pole kwa nyumbani kwenu, binti. Mvua zikiisha bado tutakwenda. Safari hii kuwapa watu pole."

6 Juni

Jua, kwa mara ya kwanza tangu nisijue lini. Nimerudi kwenye kilima cha shule pamoja na shemeji. Tume ya fidia imeniomba niwasaidie kuthamini nyumba zilizozama, na mwongozo wao ni rahisi: tafuta nyumba za aina hiyo zilizouzwa kwenye miji ya jirani, chukua bei, linganisha.

Walikuwa wamenipangia dawati chini ya dirisha. Wa kwanza kuingia alikuwa yule jirani, fundi cherehani. Ana viatu vya kuazima. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Wanasema utatafuta nyumba inayofanana na yangu, ndipo ujue nilipoteza nini."

"Ndiyo, dada."

"Mimi na marehemu mume wangu tuliifyatulia matofali wenyewe. Kila chumba tuliongeza alipozaliwa mtoto. Umewahi kuona nyumba kama hiyo ikiuzwa mahali?"

Nikafikiri kwa kweli, sikutaka kumjibu ovyo.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi."

Akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa, magoti yakampanda hadi kifuani.

"Basi weka hiyo karatasi ya bei pembeni," akasema, "nikueleze ilivyokuwa."

Nikaiweka pembeni. Akaanza na msingi.